Bei ya Jina la Bibi Figili

Tokyo, 9 Novemba 2023

Kwa Mjomba Tadayuki,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na magoti yako. Hapa baridi imeanza kuuma asubuhi, na mimi nikiona baridi ya kwanza huwaza matunda yako ya kaki, kama umeshayamenya na kuyatundika upenuni. Sisi hatujambo. Mume wangu Shuhei anakoroma vilevile. Mio ametimiza miaka tisa na pilipili hoho hali hata umpigie magoti. Juzi alinizuia sebuleni, ati nisipite, hapo kuna mto. Nikajua ni gemu tena.

Gemu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana simu hupokei na barua pepe unaiita umbea wa mashine. Umesoma magazetini kwamba kampuni ya Mizuhara inauzwa. Ofisi yetu ndiyo imepewa kazi ya kusema Hakobiya, ile gemu yao, ina thamani gani. Si majengo, si magari, ni jina hilo tu: michezo kumi na saba, katuni, wanasesere, biskuti, na yule binti mchukuzi mwenye kikapu mgongoni ambaye kila mtoto wa nchi hii anaweza kumchora. Mimi nimekabidhiwa makaratasi ya mchezo wa kwanza, ule wa 1987. Nilicheka peke yangu. Wewe ulifanya kazi palepale Osaka ujanani, mama naye alikuwa karani wao kabla hajaolewa, na leo mimi ndiye napima.

Sasa kuna shimo, Mjomba. Mwishoni mwa mchezo ule majina ya waliouunda yanapita kwenye kioo, na yote ni ya utani: Supu Moto, Kaka Soksi, Simba wa Jumatatu. Wote tumewapata isipokuwa mmoja. "Ramani na mchukuzi: Bibi Figili." Hana mkataba, hana mhuri wa jina lake popote. Kama aliajiriwa na kampuni, kazi yake ni mali ya kampuni na mambo yamekwisha. Kama hakuwa mwajiriwa, basi yule mchukuzi ni wake, au wa watoto wake, na wanunuzi wanaweza kurudi nyuma. Wewe ulikuwepo. Bibi Figili alikuwa nani?

Tutaonana Machi kwenye kumbukumbu ya mama. Jifunike vizuri.

Mpwa wako,
Kozue


Iida, 3 Desemba 2023

Mpwa wangu Kozue, mpanga bei wa taifa,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Wiki tatu nzima nimekuwa nikimenya kaki mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Mwaka huu zimekubali. Nakutumia sanduku moja, mpe Mio zile ndogo, ndizo tamu. Kile kizibao chekundu mlichonitumia nilipofika sitini nakivaa shambani. Nyani walikiogopa siku mbili, ya tatu wakakizoea, ya nne mmoja alinitazama kama ananidai ushuru. Jirani yangu Bi Sawako amevunjika mkono kwa kupanda ngazi, na bado anapanda.

Umeniuliza habari za majina. Ilikuwa hivi: wakubwa waliogopa kampuni jirani zisije zikatuiba sisi vijana, wakapiga marufuku majina halisi. Kila mtu ajibatize upuuzi wake. Tulicheka sana. Kaka Soksi alikuwa kijana wa Wakayama, soksi zake zingeweza kumwamsha maiti. Hakuna aliyewaza kwamba miaka thelathini na sita baadaye mtu angekuja na kalamu kutafuta nani ni nani.

Huyo mwingine unayemtafuta, watu tulikuwa wengi na kichwa changu si ghala. Mwache Bibi Figili apumzike.

Lakini nami nikuulize, maana hili linanikosesha raha: kitu kama kile mnakipimaje? Kaki napima kwa kilo. Binti aliyechorwa kwa vitone mia mbili na kitu, asiyekula wala kuzeeka, mnamweka kwenye mizani gani?

Salamu kwa Shuhei na koo lake.

Mjomba wako,
Tadayuki


Tokyo, 14 Januari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Kaki zimekwisha siku ya tatu na Mio anadai zilikuwa zake zote. Shuhei alipata mafua, tukala keki za mchele bila yeye, akanuna. Mimi nimeanza mwaka kwa furaha, na utajua kwa nini.

Kwanza swali lako, maana nimelifikiria. Tunachukua biskuti. Pakiti isiyo na picha inauzwa yeni mia na themanini. Pakiti ileile, unga uleule, ukibandika picha ya mchukuzi, mia tatu na ishirini. Ile tofauti ndiyo yeye. Halafu unaifuata tofauti hiyo kwenye kila kitu kilichobeba picha yake, kwa miaka yote inayokuja, ukikadiria wazazi wangapi waliocheza wakiwa watoto watawanunulia watoto wao. Ukimaliza, unapata kiasi cha yeni bilioni mia nne na kumi. Nilipokiona mwisho wa ukurasa nilikwenda kusimama dirishani. Sisi wapimaji hatusemi mchezo ni mzuri au mbaya. Tunasema tu ni kiasi gani mtu yuko tayari kutoa.

Sasa furaha yangu. Nilikwenda Osaka kuonana na Mzee Inagaki, aliyekuwa mkuu wa kitengo chenu. Ana miaka themanini na sita, bado ana akili ya wembe. Nilipomtajia Bibi Figili alipiga paja. "Si Tadayuki huyo! Kila Jumatatu anaingia na ramani kwapani, hata kofia hajavua. Tulimpandisha cheo kwa sababu ya zile ramani. Mpwa wake unakuja kuniuliza mimi?"

Mjomba! Miaka yote hii? Nimecheza ramani zako nikiwa na miaka sita na hukuniambia? Nimefurahi, na nimeumia kidogo pia, sikufichi. Lakini uzuri ni kwamba wewe uliajiriwa, kwa hiyo shimo limezibika. Naambatanisha karatasi moja. Inasema wewe ndiye Bibi Figili na kazi uliifanya kama mfanyakazi wa kampuni. Gonga mhuri wako tu, ndiyo sahihi. Watakupa yeni laki tatu za shukrani, ujenge uzio wa nyani.

Bosi wangu, Bwana Kuwabara, nimeshamwambia mambo yamekwisha. Amesema Aprili nitakuwa mkuu wa kitengo, mwanamke wa kwanza ghorofa yetu. Mama angepika wali wa maharage mekundu, kama siku ya sherehe.

Mpwa wako mwenye fahari,
Kozue


Iida, 20 Februari 2024

Kozue,

Theluji imefika dirishani. Bi Sawako mzima. Nyani hawaonekani.

Karatasi nairudisha. Mhuri nimeutafuta, siuoni.

Hongera kwa cheo kinachokuja. Unastahili.

Tadayuki


Tokyo, 1 Machi 2024

Mjomba,

Natumaini theluji imepungua. Mio ana jino linalotikisika. Shuhei mzima.

Mhuri huuoni? Risiti ya sanduku la chai nililokutumia Februari imerudi kwangu na mhuri wako juu yake, mwekundu, umenyooka. Mimi si Mio wa kudanganywa. Kama hutaki pesa yao, ikatae. Kama una hasira nao kwa jambo la zamani, niambie. Lakini usinifanyie mchezo wa kujificha, maana Bwana Kuwabara kila asubuhi ananiuliza, "Karatasi ya mjomba?" nami kila asubuhi nasema theluji. Mwisho ni tarehe thelathini na moja. Nisipoipeleka, cheo hakuna, na mimi ndiye niliyesema uongo.

Kuna jambo jingine. Jana nilikaa nyuma ya Mio akicheza ule wa kwanza. Kwenye ramani ya tatu alikwama, akafika mwisho wa msitu na njia hakuna. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kushoto, nyuma ya jiwe." Akapita. Akaniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu mama aliniambia hivyohivyo nilipokuwa mdogo, amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo begani. Hakuwahi kugusa mashine. Lakini kila mchezo mpya ukitoka aliununua siku ya kwanza, hata mwezi ambao hatukuwa na kitu. Nilidhani mama wote wanajua njia.

Ni wewe uliyemwambia? Tarehe kumi na saba tutakuja. Nijibu uso kwa uso.

Kozue


Iida, 24 Machi 2024

Kozue, mtoto wa dada yangu,

Jumapili ulikaa mbele yangu saa nne nzima. Kuhani alisoma, tukafukiza ubani, tukala, na kila ulipofungua mdomo mimi niliinuka kumimina chai. Watu walikunywa chai mpaka wakaniomba niwahurumie. Mlipoondoka nilimtazama dada pale pichani nikaona haya. Kusema ana kwa ana nimeshindwa, acha niandike.

Bibi Figili si mimi. Ni mama yako.

Fumie alikuwa karani pale, anapiga chapa barua, analeta chai. Alipochumbiwa, Mei 1986, walimfanyia kama walivyowafanyia wasichana wote: shada la maua, saa ya ukutani, makofi, kwaheri. Msichana akiolewa hakubaki kazini. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Akahamia Sakai na baba yako, na mimi kila Jumapili nilikwenda kula kwao. Jumapili moja nililalamika kwamba tuna mashine nzuri ila hatuna hadithi, hatuna pa kumpeleka mchezaji. Wiki iliyofuata akaniwekea karatasi ya miraba kando ya sahani. Alikuwa amechora kijiji chetu, kila kimraba kimoja kitone kimoja, na msichana mdogo anapanda mlima na kikapu. "Anapeleka nini?" nikamuuliza. Akasema, "Hata yeye hajui. Wewe mpandishe tu."

Ramani zote kumi na moja ni zake. Alizichora kwenye meza ya kulia, wewe ukiwa tumboni. Mikono yake ilinuka figili za kuvundika kwenye chumvi, ndipo jina likatoka, akalicheka mwenyewe. Mimi nilizibeba Jumatatu. Mchukuzi hasa nilikuwa mimi.

Mwanzoni yeye ndiye aliyesema ninyamaze. "Wakijua ni mama wa nyumbani watazitupa." Ilikuwa kweli. Basi walipoziona na kunipigia makofi, nilinyamaza. Waliponipandisha cheo, nikanyamaza. Hapo uongo ulikuwa bado mdogo. Mchezo ukauzwa nakala milioni mbili. Mwaka mpya wa 1991 dada alinifuata jikoni kwa mama yetu, sauti ya chini, akasema, "Tada, sasa je? Si wanaweza kuambiwa?" Nikamwambia asubiri kidogo. Hakuuliza tena mpaka kufa kwake. Mwaka uliofuata niliacha kazi nikarudi kwenye kaki za baba, na watu wote wakasema Tadayuki kijana mwema, amewarudia wazazi. Nilikimbia, Kozue. Sikuweza kukaa chini ya picha ya yule binti mchukuzi ukutani.

Kwa hiyo mhuri ninao, uko droo ya juu. Nikiugonga, wewe unapata cheo na dada anakufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu kabisa. Nisipougonga, umesema mwenyewe: hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo mchukuzi ni wa watoto wake. Mtoto ni mmoja. Siwezi kukuchagulia.

Karatasi zake nilizitunza kwenye kopo la chai. Zinakuja kwa posta ya rejista. Soma pembeni mwa ramani ya tano.

Tadayuki


Tokyo, 2 Mei 2024

Mjomba,

Sisi wazima. Jino la Mio limeng'oka.

Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu nilikuchukia. Nilijaribu kuandika mara nne, kila mara yalitoka maneno ambayo hayaandikiki kwa mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Si kwamba ulinyamaza ukiwa na miaka ishirini na tatu. Ni pale jikoni. Alikuuliza mara moja tu, na wewe ulikuwa na miaka thelathini ya kumjibu.

Karatasi zilifika. Pembeni mwa ramani ya tano kuna orodha ya sokoni, maziwa, sabuni, figili mbili, halafu kwa penseli: "Leo amepiga teke nilipochora daraja. Nimelipanua." Nililia ofisini, chooni, kwa sauti, msichana wa mapokezi akaniletea maji.

Siku ileile nilikwenda kwa Bwana Kuwabara nikamwambia kila kitu. Aliufunga mlango. "Kozue, ungeweza kunyamaza. Mjomba angegonga mhuri, basi." Nikamwambia kunyamaza kumeshafanywa sana katika familia yetu. Nimetolewa kwenye kazi ile, na ni haki, mtu hapimi mali ya mama yake. Cheo amepewa mwingine. Sasa niko chini, kwenye makabati ya kumbukumbu, sina dirisha.

Wanasheria wa Mizuhara wamekuja mara mbili. Wana adabu sana. Wananipa yeni milioni mia mbili nigonge mhuri, kwa sharti moja: jina la mama lisitajwe popote, siku zote. Shuhei alikaa chini aliposikia. Nyumba bado tunadaiwa, unajua, na sisi si watu wa kuchezea pesa. Nikawauliza, je, nikichukua milioni ishirini tu, na jina lake likaandikwa mwishoni mwa mchezo, Fumie, kwa herufi zake? Wakatazamana. Mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Hilo ndilo gumu." Kwa miaka yote wamewaambia watu kwamba kila kitu kilizaliwa ndani ya kuta zao. Mwanamke mmoja wa nje akitajwa, kesho watu watauliza wako wengine wangapi.

Usiku ule sikuhitaji mashine ya hesabu. Nimefundishwa kwamba thamani ni kile ambacho mtu yuko tayari kutoa. Basi wako tayari kutoa milioni mia na themanini zaidi ili jina lisiandikwe. Hakuna aliyewahi kulipatia jina la mama yangu bei hata kidogo, hata sisi. Hiyo ndiyo bei yake ya kwanza, nami nimekataa kuliuza.

Wamesema basi tukutane mbele ya mpatanishi, Osaka, Jumatatu tarehe ishirini Mei, saa nane mchana. Karatasi hazina sahihi. Mwandiko wanaweza kuubishia, na Mzee Inagaki ataapa kwamba ni wewe. Nisipokuwa na shahidi sipati jina wala hizo milioni. Aliyeziona zikichorwa ni mtu mmoja tu aliye hai. Itabidi useme mbele ya Inagaki na wengine wote kwamba makofi yale hayakuwa yako.

Sikuombi kwa sababu wewe ni mjomba. Nakuomba kwa sababu alikuuliza.

Kozue


Iida, 11 Mei 2024

Kozue,

Kaki zimetoa maua. Bi Sawako amefunguliwa plasta ya mkono, jana kapanda ngazi.

Nimekata tiketi ya basi la kwanza la tarehe ishirini, nitafika Osaka kabla ya saa sita. Mhuri nakuja nao, niugonge pale itakapoandikwa kwamba mimi nilibeba tu. Usije kunipokea. Na tafadhali, usinisamehe kabla sijasema, nisije nikaona kwamba imetosha.

Kusema kwenyewe najizoeza. Kila asubuhi, nikishafukiza ubani, nasimama mbele ya picha ya dada nasema kwa sauti: "Ramani hizi zilichorwa na dada yangu, Fumie. Mimi nilijua, nikanyamaza." Siku ya kwanza nilifika "dada yangu" nikaishia hapo. Jana nilifika mpaka jina lake. Leo nimesema yote, mpaka mwisho, na Bi Sawako akaniuliza kutoka upande wa pili wa ua, "Fumie alifanya nini?"

Nikamwambia.

Tadayuki